Kilo Sitini na Nne

Leseni ya urubani hakuwa nayo, serikali ilishaichukua. Ndege hakuwa nayo, na hajawahi kuwa nayo, alirusha za wenzake. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakuwa nacho, kilibaki kwenye pangaboi la injini. Hakuwa na baba wala ami wa kumpeleka ukweni. Hakuwa na nyama mabegani, na usingizi pia hakuwa nao. Léocadie aliyajua hayo yote, maana asubuhi ile alikuwa amemzungushia utepe wa kupimia kifuani kwa mara ya tatu, na mwanamume ukimpima nguo mara tatu huna tena cha kumuuliza.

Ndivyo alivyodhani.

"Mirindi, simama wima."

"Nimesimama."

"Unapumua kama mutu anaiba."

"Mi niliiba, chérie. Ndiyo sababu wananitengenezea filamu."

Bujumbura nzima ilikijua kisa chake. Miaka sita iliyopita alitua uwanjani na katoni za ndagala kutoka ng'ambo ya ziwa. Afisa wa forodha akainama abebe katoni moja kwa mkono mmoja, kama mtu abebaye samaki wakavu, na mgongo ukamshika hapo hapo. Chini ya samaki kulikuwa na dhahabu. Mirindi akafungwa miaka miwili. Mwenye mzigo hakujulikana. Mji ulicheka mpaka ukachoka, na sasa kijana mmoja, Arnaud, alikuwa anakigeuza kisa hicho kuwa filamu ya vichekesho, kwenye kiwanja kimoja cha Kinindo karibu na ziwa, kwa ndege ya mbao na mabati. Mirindi aliajiriwa awaonyeshe mambo yalivyokuwa. Léocadie, fundi cherehani wa mtaa wa Mutakura, alishona mavazi. Wakapendana. Huu ulikuwa mwezi wa tatu.

"Nitatuma watu kwa mama yako Rumonge," Mirindi alisema. "Hata wa kukodi."

"Ngoja nimuulize mwenyewe."

Akapiga simu, akaiweka juu ya cherehani, sauti wazi.

"Jambo, mama. Mirindi anataka kutuma watu huko."

"Wa kufanya nini?"

"Mama, unajua."

Mama akasema, "Wakuje wakute nini? Kaka yako ninamutandikia godoro kila Jumamosi, mwaka wa sita huu. Kwangu Jérémie si muzima, si maiti. Sijafanya kilio. Nitakula namna gani mahari mu nyumba yenye haijalia mutu wake? Muniambie tu mahali alilala, hata kama ni mu shimo. Nitalia, nitamaliza, na kesho yake hao watu wakuje, nitawapikia mi mwenyewe."

Léocadie alipogeuka, Mirindi alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, kila kimoja kwenye tundu lisilo lake.

"Una nini?"

"Joto," alisema. Na mvua ilikuwa inanyesha.

* * *

Siku hiyo hiyo, saa nne, kiwanjani walicheka sana. Bonfils, mwigizaji aliyecheza rubani, alikuwa na tumbo lililozidi koti kwa shibiri nzima.

"Léocadie, dada yangu, umenishonea koti ama soksi?"

"Punguza zile brochettes zako za nyama, koti litafunga lenyewe."

"Rubani ni mutu mwenye heshima, lazima atangulize tumbo!"

Pembeni, chini ya mti, gari jeusi lilikuwa limeegeshwa, vioo vimepandishwa. Lilikuja kila siku. Lilikuwa la Libère, tajiri aliyegharimia filamu, na ambaye zamani ndiye aliyekuwa mwenye kampuni ya ile ndege ya ndagala. Alileta soda kwa watu wote. Yeye mwenyewe hakushuka garini.

"Patron Libère akikupa soda, kunywa," Bonfils alinong'ona. "Akikuuliza kitu, usijue."

Arnaud akapiga makofi. "Haya, tunaanza! Rubani anapima mizigo!"

Bonfils akashika karatasi ya uzito, akasoma kwa sauti ya askofu:

"Rubani, kilo tisini na tano! Katoni za ndagala, kilo mia tano! Mafuta, hatujui! Jumla, tunaenda mbinguni!"

Watu wakaangua kicheko. Mirindi hakucheka. Rubani wa ndege ndogo hupima kila kitu kabla ya kuruka: mtu, begi, hata kuku, na kuandika, kwa sababu kilo iliyosahaulika huua. Mirindi aliwahi kudanganya forodha, jaji na padri wa gereza, lakini karatasi ya uzito hakuwahi kuidanganya. Akainuka kitini akainyang'anya.

"Apana, apana! Munaua watu na hii karatasi. Ndege haiinuki na hesabu ya hivi. Andika. Rubani, sabini na moja. Mutu wa kiti cha kuume, sitini na nne. Sanduku yake ya fungulo za injini, kumi na mbili. Katoni, mia tatu na kumi..."

"Pole pole, vieux," Arnaud alisema. "Mutu gani wa kiti cha kuume? Si ulituambia ulikuwa peke yako?"

Kalamu ikasimama.

"Nimekosea," Mirindi alisema. "Ni safari ingine."

Kioo cha gari jeusi kikashuka upana wa vidole viwili.

Léocadie alikuwa amepiga magoti akipunguza suruali ya Bonfils, pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Akasogea kando, akatoa simu, akatafuta ujumbe aliokuwa akiuhamisha kutoka simu hadi simu:

"Dada, leo tumepimwa tena. Niko 64, sanduku 12. Ambia mama ninakonda, aweke ndagala nyingi. Jumamosi niko nyumbani."

Ulikuwa ujumbe wa mwisho wa kaka yake, fundi wa ndege wa kampuni ile ile ya Libère. Familia ilipokwenda kuuliza, kampuni ilionyesha karatasi kwamba Jérémie aliacha kazi wiki moja kabla.

* * *

Alimkuta Mirindi nyuma ya ndege ya mbao.

"Kiti cha kuume kilikuwa na nani?"

"Tuko kazini, Léocadie."

"Sikukuuliza saa. Nani?"

"Hakuna mutu."

Akamwekea simu mbele ya macho. Mirindi akasoma. Akarudia.

"Ni yeye."

"Sema jina."

"Jérémie."

"Na tangu lini unajua ni kaka yangu?"

"Wiki ya tatu. Siku ile ulinionyesha picha."

"Nilikuonyesha picha, ukaniambia ana macho kama yangu! Ukanibusu juu ya macho!"

"Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka."

"Yuko wapi?"

Mirindi akaegemea ubavu wa ndege ya mbao.

"Mvua ilinyesha milimani, juu ya Fizi, ng'ambo ya ziwa. Matope yalishika magurudumu. Nilijaribu kuruka mara mbili, ndege ikakataa. Nikapiga simu. Nikaambiwa nipunguze mzigo. Nikasema, basi nashusha katoni. Nikajibiwa: 'Mutu anaweza kutembea. Katoni haina miguu.' Na pale kulikuwa watu wake wenye bunduki, wananiangalia."

"Nani alikujibu?"

Macho ya Mirindi yalienda kwenye gari jeusi, yakarudi.

"Jérémie alicheka. Akasema, enda vieux, kesho urudi na mukate. Akashuka na sanduku yake. Asubuhi nilimwandika mi mwenyewe, Léocadie. Saa tisa nikapiga mustari juu ya jina lake."

"Na kesho yake?"

"Nilikamatwa siku ile ile. Ule mugongo wa afisa."

"Ungesema! Kulikuwa jaji, kulikuwa padri!"

"Walinitumia mutu gerezani. Kwamba nikitaja kiti cha kuume, mi ndiye nitaitwa muuaji, na mahakamani sitafika."

"Ulipotoka je?"

"Nilienda kule. Wanakijiji walinionyesha. Siku ya tatu walikuja wengine wenye bunduki kutafuta dhahabu, hawakuikuta, wakamukuta yeye. Amezikwa chini ya kiwanja cha ndege, upande wa muto. Nilipanga mawe juu yake."

Ng'ambo ya mabati Bonfils alisema kitu, watu wakacheka tena.

"Kwa hiyo tangu siku hiyo unajua mahali," Léocadie alisema taratibu. "Na leo asubuhi mama alisema godoro, we ukasikia, ukafunga vifungo."

Akaondoka bila kuchukua mkasi wake.

Jua lilikuwa bado halijazama ujumbe ulipoingia kwenye simu yake, namba asiyoijua: "Dada mushonaji, kesho usitoke. Ninapita na shati."

* * *

Libère alifika dukani kwa Léocadie, Mutakura, saa mbili asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka shati jeupe juu ya meza.

"Kifungo cha shingo."

"Kifungo kipo, patron."

Libère akakishika kwa vidole viwili, akakivuta. Kikakatika.

"Sasa hakipo." Akatabasamu. "Unajua sababu gani nililipa hii filamu?"

"Unapenda sinema."

"Sinema inaniletea usingizi. Kitu chenye watu wanaogopa, wanakitafuta. Chenye wanacheka, wanakiacha. Wakicheka mwaka mmoja, hakuna jaji ataweza kuuliza juu ya zile ndagala bila kucheka yeye wa kwanza."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako aliacha kazi, iko kwa karatasi." Akakigeuza kifungo kiganjani. "Mama yako anakaa Rumonge, nyuma ya soko, mulango wa bluu. Jumamosi anaanika godoro inje. Mama muzuri."

Léocadie alishika ukingo wa cherehani.

"Rubani akuoe," Libère akaendelea. "Hana watu. Mi nitasimama kama baba yake, nitawasemea vizuri, na ng'ombe nitatoa. Tutacheka wote. Shati nitaipitia."

Alipoondoka tu, Léocadie akapiga simu Rumonge.

"Mama, funga mulango, enda kwa pasta wako. Usiulize. Ukae kule mpaka ninakuambia."

"Ni Jérémie?"

"Enda kwanza, mama."

"Ni Jérémie," mama alisema, na safari hii hakuwa anauliza. Akakata.

* * *

Mirindi alikuja saa sita mchana, mkononi na mkasi ambao Léocadie aliuacha kiwanjani. Hakukaribishwa. Léocadie alimsukumia karatasi mbili na kalamu.

"Andika. Nakala mbili. Moja ya mama, ingine ya procureur wa mashtaka, na hiyo utaipeleka mwenyewe."

"Si umupigie mama simu?"

"Kilio hakifunguliwi na simu. Pasta lazima asome mbele ya watu: mahali, siku, na jina la mutu aliyeona. Bila hiyo mama hatakaa chini kulia."

"Wakinifunga, mara hii nitazeekea ndani."

"Najua."

"Na mwenye kunitisha?"

"Asubuhi hii alikaa hapo mahali umesimama. Alinitajia mulango wa mama. Andika, Mirindi."

Akaandika. Léocadie alisoma juu ya bega lake, na mara moja akaweka kidole.

"Hapa umeandika 'nilipunguza uzito'."

"Ndivyo tunavyosema."

"Nyinyi marubani. Mama yangu si rubani. Andika 'nilimuacha'."

Akapiga mstari, akaandika: nilimuacha. Akaandika mto, mawe, siku ya tatu. Akafika kwenye ile simu ya kule milimani, akasita. Hapo hapo simu yake ikalia. Libère.

"Pokea," Léocadie alisema. "Sauti wazi."

"Rubani, uko wapi?"

"Mutakura, patron."

"Unafanya nini huko?"

Mirindi alimtazama Léocadie.

"Ninaandika barua. Nimefika kwa jina lako."

Upande wa pili hakukuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilitisha. Kulisikika mlango wa gari ukifungwa.

"Nusu saa niko hapo," Libère alisema.

Mirindi akaandika jina lote la Libère, herufi kubwa, akatia sahihi nakala zote mbili.

"Na sisi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Nilikupenda bila kuomba ruhusa ya mutu. Leo ninakuchukia, na hiyo pia sikuomba. Lakini aliyenyimwa mutoto ni mama, si mi."

Akamnyang'anya kalamu, akaongeza chini ya sahihi, kwenye nakala ya mama, kwa mwandiko wake:

"Mama, aliyeandika hapo juu ndiye alitaka kutuma watu kwako. Sijamukataa, sijamukubali. Lia kwanza. Ukimaliza kulia, uniambie kama ninaweza kumungojea."

Mirindi alisoma mistari ile. Akakunja nakala yake, akaitia mfukoni, akaita pikipiki barabarani.

"Kwa procureur," alimwambia mwenye pikipiki. "Upite njia za ndani."

"Mirindi!"

Akageuka.

"Ukifika, unipigie. Usipofika..."

"Nitafika," alisema. Pikipiki ikaondoka.

Léocadie alifunga duka. Hakupita barabara kubwa. Alikata vichochoroni, barua kifuani, na alipochungulia kwenye kona aliliona gari jeusi likipita polepole kuelekea mlangoni kwake. Akaharakisha. Hakukimbia, maana anayekimbia huulizwa.

Kwenye ofisi ya mabasi, Coaster ya Rumonge ilikuwa imeshawasha injini. Mwanamke wa dirishani akamtupia bahasha.

"Jina la wa kupokea?"

"Andika: Mama Jérémie, kwa mukono wa pasta."

"Ni pesa?"

"Apana."

"Ni nini basi?"

"Ni mutu wetu," Léocadie alisema.

Yule mwanamke alimtazama, akaandika jina daftarini. Simu ya Léocadie ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Mirindi: "Nimefika. Ninangoja kuitwa ndani."

Akausoma mara moja, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akaingiza barua ndani ya bahasha, akalowesha gundi kwa ulimi, akaikandamiza kwa kiganja juu ya meza mpaka ikashika pande zote, akampa dereva mkononi. Dereva akaichomeka nyuma ya kioo cha jua, akafunga mlango, na basi likaingia barabara ya kusini.