Kikohozi cha Mashine

Haya yalimfika rafiki yangu Halszka, fundi sauti wa mji wa Łódź, Poland, mtu asiyejua kutunga. Kwao tafsiri ya tamthilia ya kigeni ya televisheni husomwa na mtu mmoja: waigizaji husema kwanza, naye hufuata nyuma yao kwa Kipolandi. Jioni hiyo msomaji, mzee Bogumił, akiwa amekaa gizani nyuma ya kioo cha studio, alisoma maneno ya mashine iliyoasi na kuua wanaanga wake. Kifua kikambana, akakohoa.

"Mzee, nenda nyumbani ukapumzike."

"Nipumzike, hili lichuma linicheke? Futa hicho kikohozi, mwanangu, tumalize."

Halszka akakifuta, akarudia kusikiliza. Kikohozi bado kipo. Akaizima kabisa sauti ya Bogumił, ikabaki ya kigeni peke yake. Mashine ndiyo iliyokohoa, kikohozi kilekile cha mzee, na ilikuwa imemtangulia.

Akaiacha rekodi iendelee. Mashine ikavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Halszka akangoja aisikie ikiitoa. Haikuitoa. Kilichofuata ni kimya tu, hadi mwisho wa rekodi.

Nyuma ya kioo, gizani, Bogumił akaanza kuvuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo.