Sura ya Malachie kwenye Barre ya Kasika

Asubuhi ile jua lilikuwa zuri Bulengera, pikipiki zinapita, na Kasika anajisifu kama kawaida. Kasika ni nani? Kijana mwenye kibanda cha kuchapa barua na picha. Alijifunza Linux, programu ya kuendesha kompyuta, kwa simu ya rafiki, kisha akaanza kujiita ingénieur. Ingénieur! Hata waya wa redio ya mama yake ulimushinda.

Siku hiyo alikuwa anapanga barre, ule mustari wa chini ya écran, kioo cha kompyuta yake. Alitaka kila programu iwe na picha yake ndogo pale, ukiigusa mara moja inafunguka. Linux inakuachia uchague picha yoyote. Mutu mwenye akili anaacha ile iliyokuja na programu. Yeye akachukua sura ya Malachie, marehemu ambaye picha zake za kilio alikuwa ametoka kuzichapa.

Mujane wake, Mama Jokébed, alikuwa amemuonya. "Mwanangu, ukimaliza, ufute sura yake mu mashini. Kilio hatuyatoa bado, matanga haiyaisha. Marehemu hapana kuachwa katikati ya batu bazima."

"Ndiyo, Mama."

Mama akageuka tu, Kasika akacheka. "Bamama na mambo yao ya kijiji!" Akamubandika Malachie kwenye barre, awe ndiye wa kufungua programu ya barua. "Papa, acha kulala. Kuja utumike!"

Basi akamutumikisha. Barua ya kuomba kazi, anamugusa. Cheti cha attestation, anamugusa. Hata bila mteja, anamugusa kwa kujichekesha.

Muchana akaona kitu. Kwenye picha, Malachie alikuwa anaangalia mbele. Sasa macho yake yamegeukia kuume, kwenye nafasi tupu kando yake.

"Ni bug, kosa la programu tu," Kasika akasema. Mujinga hakosi neno la kizungu.

Akanywa chai. Aliporudi, nafasi haikuwa tupu.

Palikuwa na sura ya Nadège, dada yake mudogo, anayeuza unités, vocha za simu, mbele ya mulango. Kitambaa cha manjano, kile alichofunga leo. Picha hiyo Kasika hakuipiga. Hakuna aliyeipiga.

Akaigusa kwa mushale wa souris, ule panya wa kompyuta.

Nje, Nadège akapiga kelele. "Nani ananigusa?"

Ameshika shavu. Karibu naye hakuna mutu.

"Yaya Kasika, ni kidole! Kidole ya baridi!"

Kasika akabonyeza bouton ya kuume ya souris. Neno likatokea: Ondoa.

Akaachilia souris. Amuondoe wapi? Kwenye barre? Ao kwenye dunia?

Hapo ingénieur wetu akalowa jasho kama kuku ya mvua. Akakimbia ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya kilio, akaanguka magoti mbele ya Mama Jokébed.

"Mama, pardon. Nilimucheka. Nilimutumikisha. Sasa anataka Nadège."

"Mais nilikuambia nini?"

Hakungoja jibu. Akaja, akafunika kichwa, akainama mbele ya écran. Akamunong'oneza bwana yake kwa jina la mutoto wao.

"Baba ya Zorobabel. Twende kwetu. Mutoto wa batu, umuache."

Kisha akamuangalia Kasika kama mutu anavyoangalia kinyesi cha mbuzi kwenye kikapu cha maharagi. "Ni wewe ulimuita. Ni wewe utamutoa."

Batri ilikuwa inakwisha. Kasika akaweka mushale juu ya Malachie.

Ondoa.

Sura ikapotea. Na kama ilivyo kawaida ya barre, picha ya kando ikateleza kujaza nafasi yake.

Nje, Nadège akayumba upande wa kushoto. Kama amevutwa. Akaanguka.

Écran ikazimika.

Kisha kikohozi. Nadège akasimama, anapangusa vumbi, anatukana mwenye pikipiki ambaye hakuwako. Muzima. Mama Jokébed akamuangalia sana, lakini hakutabasamu. Akaenda bila kuaga.

Leo ile mashini iko kwenye meza, batri imetolewa, haijawashwa tena. Lakini kwenye kioo, chini, kuna ukungu mudogo, kama pumzi ya mutu kwenye dirisha. Kasika amepangusa na kitambaa, amepangusa na alcool. Hautoki. Uko upande wa ndani.

Unapanuka. Unasinyaa. Unapanuka.

Na Nadège akipanda kilima na bidon ya maji, hata kabla hajaonekana mulangoni, ule ukungu unaanza kupanuka na kusinyaa mbio mbio, kama yeye anavyohema.