Sikio Si Redio, Fundi!

Mtaa mzima ulimjua Fundi Redio. Kibanda chake kilikuwa barazani pa nyumba yake, meza imejaa nyaya, spika na bisibisi. Redio ilifika pale ikiwa bubu na kutoka ikiimba. Basi kichwa kilimvimba kidogo.

"Kitu chenye sauti hakiwezi kunishinda mimi!" alipenda kusema.

Mkewe alikuwa msusi. Aliwasukia wateja chumba cha mbele, dirisha wazi, kwa hiyo kila tambo la mumewe alilisikia.

"Haya, bingwa," alimjibu. "Na mwanao je?"

Hapo Fundi aliinamia nyaya zake.

Binti yao alikuwa na miaka minane. Walimpa jina la Kasuku kwa sababu ya maneno yake mengi. Tena aliongea kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Lakini kumtuma ilikuwa kazi. Ukimwita, kimya. Ukimwambia lete maji, anakuletea kiti, tena anatabasamu. Mwalimu wake alikuwa amemwambia mama mtu, "Mtoto wako hafuatilii darasani. Akiendelea hivi, mwakani atarudia darasa." Mama alirudi nyumbani akilia.

Na masikio ya Kasuku yalikuwa yakitoa usaha. Yalikauka, yakaanza tena, yakakauka, yakaanza tena. Fundi aliyatibu mwenyewe. Kila Jumapili alimlaza mtoto mapajani, akazungusha pamba kwenye waya mwembamba, akafuta ndani. Kisha akadondosha mafuta ya uvuguvugu.

"Redio ikikoroma, unatoa uchafu, unatia mafuta," alisema. "Sikio nalo ni spika tu."

Kwa nini hawakwenda zahanati? Zahanati ilikuwa karibu, si mwendo wa kuchosha. Mama Kasuku aliwahi kwenda. Alipokaribia dirisha la mapokezi alisikia aliyemtangulia akiulizwa, "Kadi yako ya bima iko wapi?" Yeye hakuwa na kadi wala bima. Akageuka akarudi nyumbani, hata salamu hakutoa. Tangu siku ile wote nyumbani waliamini kwamba zahanati ni ya wenye kadi.

Asubuhi moja akaja Dada wa Afya. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba.

"Hodi, Fundi! Kipaza sauti changu kimekata roho. Natangaza huduma za zahanati kwa mdomo mtupu, koo limenikauka!"

"Karibu, dada. Hicho mbona kidogo? Kasuku! Niletee ile bisibisi nyembamba."

Kasuku alikuwa amekaa sakafuni, amewapa mgongo, anapanga skrubu. Hakugeuka.

"Kasuku!"

Wapi! Fundi akasonya. "Unamwona, dada? Sikio la kufa halisikii dawa."

Dada wa Afya hakucheka. Aliona uchafu wa manjano kwenye sikio la mtoto. Akasimama nyuma yake, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Nani anataka kuongea kwenye kipaza sauti, asikike mtaa mzima?"

Watoto wa jirani walitoka mbio. "Mimi! Mimi! Nianze mimi!"

Kasuku aliendelea kupanga skrubu zake.

Fundi aliweka vifaa chini. Mwanawe kukosa nafasi ya kuongea? Mwanawe huyu?

"Fundi," Dada akasema taratibu, "huo si ukaidi. Mtoto hasikii vizuri."

Mama Kasuku alitoka na kitana mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa. "Sasa tufanyeje, dada yangu? Baba yake anamtia mafuta kila Jumapili."

"Mafuta?" Dada akashika kiuno. "Na waya? Jamani, Fundi! Sikio si redio! Ndani kuna ngoma nyembamba sana. Waya unaweza kuitoboa. Mafuta na maji yanaongeza maradhi. Sikio linalotoa usaha ni la kupeleka kwa daktari, na mapema. Likiachwa, usikivu unaweza kupotea kabisa."

"Lakini hatuna bima," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo siku hiyo.

"Nani amekwambia asiye na bima hatibiwi? Ndiyo maana nazunguka nikitangaza. Kesho nendeni mapema. Mkiulizwa kadi, msigeuke! Semeni, 'Hatuna bima, tunaomba kuonana na afisa ustawi wa jamii.' Mtaelezea hali yenu. Wasio na uwezo wanapewa msamaha wa matibabu."

Kesho yake walifika wote watatu. Dirishani karani akauliza, "Kadi ya bima?"

Fundi akatoka jasho. Mguu mmoja ulishaanza kugeuka. Mkewe akamshika shati kwa nyuma.

"Ha... hatuna bima," akasema. "Tunaomba kuonana na afisa ustawi wa jamii."

"Mlango wa pili kushoto," karani akajibu, akamwita anayefuata.

Kumbe! Ndiyo hivyo tu? Mama Kasuku alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Mwaka mzima walikuwa wamekiogopa kidirisha kile.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani puani. Akauliza, "Baba, kazi yako inakwendaje?"

Fundi akatanua kifua. Mazoea yana taabu. "Kazi? Moto moto, mama! Wateja wanapanga foleni."

Mkewe akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kisicho na mafua. Fundi akamtazama, kisha akamtazama Kasuku, ambaye alikuwa akimkodolea macho afisa midomoni ili aelewe anachosema. Kifua kikashuka.

"Mama, nimedanganya," akasema. "Watu siku hizi wanasikilizia simu, redio hawaleti. Tunaishi kwa mikono ya huyu mke wangu. Pesa ya daktari sina. Nimeshindwa."

"Hujashindwa, umesema," afisa akajibu. "Tusipojua hali yenu, tutawasaidiaje?"

Aliwauliza mengine machache, akawapa idhini ya kutibiwa bila malipo. Daktari akamchunguza Kasuku kwa taa ndogo. Kutoka sikio la kulia akatoa kipande cha pamba, cheusi kwa mafuta.

"Hiki kimeingiaje?"

"Ni mimi, daktari," Fundi akasema, macho chini.

"Basi sasa wewe ndiwe msaidizi wangu," daktari akasema. "Unasokota kitambaa safi na laini, unakausha usaha taratibu, usisukume ndani. Kisha matone haya ya dawa, asubuhi na jioni. Akioga, maji yasiingie. Waya, mafuta, mwiko! Na mumlete tena nione."

Fundi aliyafuata maagizo yale kwa bidii yake yote, maana mkono wake ulizoea kazi za uangalifu. Walirudi kwa daktari kama walivyoambiwa. Mama Kasuku naye alikwenda shuleni kumweleza mwalimu, na mwalimu akamhamishia mtoto dawati la mbele.

Ikafika Jumamosi moja mchana. Usaha ulikuwa umekatika. Kasuku alikuwa uani anaruka kamba. Mama alikuwa ndani anasuka, Fundi amekaa kando yake anakunywa chai. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Kasuku akimaliza kucheza, aoshe vyombo."

Kutoka uani ikaja sauti. "Aka, mama! Jana nimeosha mimi!"

Kikombe kilimponyoka Fundi, chai ikamwagika miguuni pa mteja. Hakuna aliyejali.

"Umesikia?" mkewe akapiga yowe. "Amesikia! Jamani, amesikia!"

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama pale, mwanawe kampa mgongo, akanong'ona, "Mwanangu."

Kasuku akageuka na kamba yake mkononi. "Abee, baba?"

Fundi alimkimbilia, akamwinua juu pamoja na kamba yake. Siku hiyo, yeye wa kutamba, hakutamba; alinong'ona tena, "Mwanangu."