Silinda Nane, Gia Tatu

Kuluthum binti Gelle alikuwa amekwisha kukasirika kabla hajamwona Saad. Jumamosi ile ya mwaka 1957 alikuwa amesimama karibu saa nzima katika yadi ya vyuma vikuukuu nyuma ya stesheni ya Nakuru, akingoja sahani ya klachi ya lori la babake, na kila mzungu aliyeingia na kofia yake pana alihudumiwa mbele yake. Yadi ilifurika watu, makuli walipiga kelele, na vumbi jeupe la ziwani lilikuwa limemjaa puani. Chini ya buibui alivaa gauni la maua mekundu na viatu vipya vya visigino, na viatu vyenyewe vilikuwa vinamfinya.

Mbele yake kijana mmoja wa overoli ya bluu, nywele kazilaza kwa mafuta, alikuwa amepiga magoti kando ya injini ya lori la jeshi lililobaki baada ya vita. Aliipapasa kama mtu anayenunua fahali.

"Silinda nane, Joash!" akamwambia mwenzake. "Nikiitia hii kwa Ford yangu, Nakuru nzima itanijua."

"Itakujua hospitali," akasema Kuluthum.

Kijana akageuka, akamtazama kutoka viatu mpaka macho. "Kumbe dada anajua injini?"

"Ford yako ya mwaka gani?"

"Ya thelathini. Nimeitoa shamba moja kule Rongai, kuku walikuwa wanataga ndani. Nimekata paa, nimeishusha chini, sasa nataka iruke."

"Basi ina giaboksi ya gia tatu, iliyoundiwa silinda nne. Ukiifungia injini kubwa namna hiyo, meno yatakatika. Chukua na giaboksi ya lori lenyewe, ile ya gia nne, iko pale chini ya turubai."

"Ile? Nzito, tena inalia! Mimi nataka mbio, dada. Sitaki kubeba viazi."

"Na mimi nataka sahani ya klachi, lakini hapa hakuna mtu ana masikio."

Kijana akacheka. Akaenda dirishani, akagonga ubao kwa spana mpaka karani akatoka, akarudi na sahani mkononi. Akasema anaitwa Saad, fundi, mtoto wa mtaa wa Bondeni. Kuluthum akaondoka na hasira imepungua nusu, na hilo likamkera zaidi.

Mzee Gelle alikuwa na malori mawili ya kubeba ngano na viazi kutoka Mau Narok, na ofisi ndogo yenye simu. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Kuluthum alikulia kwenye ua wa malori, na sikio lake lilikuwa halikosei. Asubuhi lori likiwashwa, alisimama dirishani akasikiliza. Akisema haliendi, haliendi, hata madereva wanune vipi. Katika mji ambao hata karani wa yadi hakumsikia, neno lake lilikuwa na uzito mahali pamoja tu, kwa babake, naye alilitunza neno hilo kuliko dhahabu za marehemu mamake.

Gereji ya Saad nayo ilikuwa na simu.

"Haloo, ofisi ya Gelle? Nauliza kama lori la Rongai limefika."

"Limefika, lakini limenuna."

"Limemnunia nani, roho yangu?"

"Fundi mmoja hajapiga simu siku tatu."

"Fundi alikuwa chini ya gari, mpenzi. Anakuota na spana mkononi."

"Wee Saad! Watu wa posta wanasikiliza."

"Wasikilize. Kwani wao hawapendi?"

Wakapendana hivyo, kwa simu na kwa kupishana barabarani, huku kila mara Kuluthum akirudia shauri lake: gia nne. Saad alijibu kwa mzaha. Alikuwa amekwisha kuchonga bamba la chuma la kuunganisha injini kubwa na giaboksi kuukuu, na alilionea fahari bamba lile.

Siku moja Kuluthum alipita gerejini na shangazi yake. Ford ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, inang'aa. Saad akafuta mikono, akauliza mbele ya mafundi wote, "Haya bibie, nifunge hii ya gia tatu? Sema."

Alikuwa amesema mara tano. Ya sita hakuitoa. Akavuta buibui, akatazama upande mwingine, kifua kinamchemka.

Saad akatabasamu mpaka masikioni. Kwao msichana akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Mabinti wameozwa hivyo tangu enzi za mabibi. Mjinga yule akachukua desturi ya posa akaipeleka kwenye vyuma. Kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, hilo hakulikumbuka.

Wiki mbili baadaye lori moja la Gelle likaharibikia Mau Narok na viazi juu. Saad, aliyekuwa akitafuta njia ya kumpendeza mzee, akajitolea kumpeleka na kipuri kwa Ford yake. Kwenye kona moja ya mlimani, barabara imelowa mvua, alipoingiza gia ya kwanza meno yakakatika. Injini ikanguruma bure. Gari likarudi nyuma, breki hazikutosha, likalala mtaroni. Saad alitoka na mikwaruzo. Mzee alivunjika mkono.

Kuluthum alipomfungua baba yake vifungo vya kanzu jioni ile, mzee alisema taratibu, "Sikulaumu, mama. Lakini kijana aliniambia umeisikiliza ile gari, umekubali. Nilipanda kwa neno lako."

Kesho yake lori likawashwa. Kuluthum akasema, "Baba, valvu zinagonga."

"Ngoja kwanza tumwite fundi," akajibu mzee, bila kumtazama.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ghadhabu, akipiga ngumi mto.

Simu ikalia. "Ofisi ya Gelle? Nauliza lori la Rongai..."

"Limekufa. Lizikeni!"

"Kuluthum, nisikilize. Si nilikuuliza mbele ya watu? Ulinyamaza!"

"Nilinyamaza kwa hasira! Mara tano nimekwambia hapana, zote hukuzisikia. Nimefunga mdomo mara moja, hiyo ndiyo ukasikia?"

"Mimi ningejuaje, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Kuvunja gari ni ujinga, ningekusamehe. Lakini ulichukua jina langu ukampandisha baba yangu gari bovu. Sasa haniamini. Umenielewa wewe? Baba yangu haniamini!"

"Nisamehe. Naapa..."

"Mimi mkono wangu mzima. Aliyevunjika ni baba, kamwambie yeye." Akaibwaga simu.

Siku tisa Saad hakuonekana, na kila siku Kuluthum alimchukia upya. Alimchukia kwa woga wake, tena alimchukia kwa sababu bado alitega sikio simu ikilia.

Siku ya kumi, Ijumaa baada ya sala, Saad aliingia ua wa malori amevaa kanzu nyeupe, Joash nyuma yake. Madereva walikuwa wamekaa wanakunywa chai. Kuluthum alikuwa dirishani.

"Mzee," Saad akasema, "Kuluthum hakuikubali ile gari. Alinikataza tangu siku ya kwanza. Nilimsingizia."

"Sema kwa nguvu," akasema Gelle. "Hawa nao wamekuwa wakimcheka."

Saad akarudia kwa sauti ya kufika barabarani. Madereva wakatazama vikombe vyao. Gelle akaushika mkono wake uliofungwa, kisha akaita, "Kuluthum! Hili lori la Njoro linawashwa. Njoo usikilize."

Alishuka na machozi usoni, hakuyafuta. Akampita Saad kama anapita nguzo. Akasikiliza, akasema, "Haliendi." Dereva akazima.

Mwezi haujaisha, Kadija, mama mdogo wa Saad, akaja na wanawake watatu na sinia ya halua kuleta posa. Wakakaa mkekani. Gelle, mkono ungali shingoni, akamgeukia bintiye. "Mahari hutaja mwenyewe. Unamtaka?"

"Namtaka. Bado nimemkasirikia, lakini namtaka."

"Taja basi."

"Giaboksi ya lori la jeshi. Gia nne."

Kadija akashika shavu. "Yarabi! Mwanangu, bibi harusi huomba vya kuvaa. Chuma cha nini?"

"Dhahabu haipandishi mlima wa Mau, mama. Na isifungwe kabla sijaisikiliza."

Gelle akacheka mpaka mkono ukamuuma. Kadija akaenda kichwa kinamzunguka. Kabla ya magharibi alikuwa amerudi, anahema.

"Amekubali. Lakini ameniambia nikuulize kwanza, nisirudi bila jibu. Anasema ile silinda nane imekunywa matope. Atie nyingine kama ile, ama atie silinda sita? Na giaboksi ikiwa ndefu, propela aikate wapi? Na breki je? Mimi sijui hata ninasema nini, mwanangu."

Kuluthum akainamisha uso ili wasione anavyocheka, na alikuwa na kisirani bado.

"Ni mambo mengi, mama," akasema. "Mwambie aje mwenyewe, na aje na kalamu."