Zawadi ya Kurudisha

"Kaka, umechelewa. Samaki wa maana wameshavuliwa wote."

Dina Rosenkilde alimtupia maneno hayo mtu asiyemjua, katikati ya stesheni ya treni ya Trondheim, jioni watu wanatoka makazini na miavuli inawadondoshea maji viatuni. Mtu mwenyewe alikuwa Jonatan Feldt, fundi baiskeli, mrefu, koti la sufu limekatika vifungo, na kwapani amebana boksi refu jembamba. Dina alidhani ndani mna ufito wa kuvulia.

"Si vya kuvulia hivi," Jonatan akacheka. "Ni makuti ya mtende."

"Makuti? Kwenye baridi hii?"

"Ya Sikukuu ya Vibanda. Sisi Wayahudi huwa..."

"Usinisomeshe bwana, na mimi Myahudi. Nimehamia juzi kutoka Stavanger. Ila sinagogi sijaingia tangu bibi yangu afe."

Jonatan akatoa mfukoni kijiboksi, akakifungua. Ndani mlikuwa na lile tunda la sikukuu, la manjano, kama limau lililonenepa likaota makunyanzi. "Nusa," akamwambia. Dina akanusa, na machozi yakamjaa palepale mbele za watu. Lilinukia kabati la bibi yake.

Sabato iliyofuata alikuwa kwenye safu ya mbele, koti la kijani, midomo imekolea rangi, anajifanya anafuata sala kumbe anamfuata msimamizi wa ibada, ambaye ni huyohuyo Jonatan. Mimi Gitta, ninayepika supu ya watu wote pale, niliona. Na nisiyoyaona walinisimulia wenyewe, maana anayekuja jikoni kwangu kuomba supu huniachia na habari.

Walipendana mpaka wakatuchosha.

"Limau langu, umeamka?" Jonatan atapiga simu asubuhi.

"Limeamka, na leo ni chachu. Uliniahidi utapiga jana."

"Jana nilikuwa chini ya baiskeli."

"Baiskeli ya nani? Ya kike au ya kiume?"

Ndivyo Dina alivyokuwa. Wivu wake ulianza kama utani, na sisi tukaucheka. Halafu, mwaka ukapita, sikukuu ikakaribia tena, akaja Rebekka.

Rebekka Salomonsen tulimwalika kutoka Kopenhagen aje atuongozee nyimbo za sikukuu na kuwafundisha watoto Kiebrania. Gauni jeusi la kumkaa, hereni za fedha, na sauti, jamani, ile sauti! Tangu wiki zilizotangulia alikuwa akipigiana simu na Jonatan kupanga mambo, na alipofika akawa hamwiti kwa jina. Anamwita "mpendwa msimamizi". Nilimwona Dina akilisikia hilo. Kijiko kilimganda mkononi.

Siku ya mkesha wa sikukuu, Dina alimpigia Jonatan tangu mchana na simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Alipompata alikuwa amekwisha kuchemka.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Rebekka, mpenzi. Yuko kwenye treni, alirudi kwao mara moja, kuna jambo la..."

"Rebekka! Siku nzima Rebekka!"

"Nisikilize kwanza. Mzigo wetu..."

"Mzigo ni mimi, najua. Stavanger wamenipa kazi, Jonatan. Kliniki nzuri, meno ya kusafisha hayaishi. Nilitaka kuwakatalia. Sasa naona niwakubalie."

Akakata. Jonatan alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Jua likazama, sikukuu ikaingia, na sikukuu ikiingia hakuna kupigiana simu mpaka imalizike. Kwa hiyo waliulalia ugomvi wao, kila mtu na kitanda chake.

Asubuhi Dina alichelewa sinagogi kwa makusudi. Sinagogi letu zamani lilikuwa stesheni, wanaochelewa tumewazoea. Alipofika tulikuwa tumetoka uani, tumepanga foleni mbele ya kibanda kilichoezekwa matawi ya msonobari, mvua inatunyeshea, supu yangu inapoa. Akaingia getini wakati Jonatan anamwekea Rebekka lile tunda viganjani.

"Ni lako," Jonatan anasema. "Lako kabisa. Asante."

Rebekka akalibariki, akayatikisa makuti huku anaimba, kisha akamrudishia Jonatan kwa kicheko. Dina akajipenyeza kwenye foleni, akasimama mbele ya mzee Abel, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, kwa vile alivyokuwa ameuma meno.

Zamu yake ikafika. Jonatan macho mekundu, hakulala. Akamkabidhi tunda na makuti, akasema maneno anayomwambia kila mtu: "Nakupa zawadi, kwa sharti unirudishie."

Maana siku ya kwanza ya sikukuu huwezi kubariki kwa tunda la kuazima. Lazima liwe mali yako, hata kwa dakika moja. Ndiyo maana tunapeana na kurudishiana, mmoja baada ya mwingine.

Dina akabariki, akatikisa. Jonatan akanyoosha mkono. Dina akalikumbatia tunda kifuani.

"Sirudishi."

"Dina, tafadhali."

"Yeye ulimwambia ni lake kabisa. Mimi nawekewa sharti. Kwa nini mimi sharti?"

"Kila mtu anawekewa sharti!"

"Yeye hakuwekewa. Nimesikia kwa masikio yangu, usinifanye mtoto."

Nyuma yake mzee Abel, nywele nyeupe pe, ameegemea fimbo. Tangu utotoni hajawahi kukosa kulishika lile tunda sikukuu ikifika, na mwaka huu daktari alishamwambia asitoke nje. Akatoka hivyohivyo.

"Binti," Abel akamwita, "mimi magoti yangu yananiua. Na sikia: zawadi uliyopewa kwa sharti, usipotimiza sharti, ni kama hukupewa. Na kama hukupewa, hujabariki kitu. Umetikisa majani tu."

Watu wakaguna. Dina akazidi kulibana tunda. "Basi ndiyo hivyo, mzee. Sikupewa kitu. Mwaka mzima nimetikisa majani."

Hapo Jonatan angeweza kumpokonya, na wapo walioanza kumnong'oneza ampokonye. Akaushusha mkono.

"Tutasubiri," akasema. "Hata mpaka jioni. Simnyang'anyi mtu zawadi yangu."

Rebekka ndiye aliyesogea. Hereni zinadondosha maji.

"Dada, hilo tunda ni langu. Mzigo wenu umekwama kwa ukungu, hakuna ndege iliyotua. Jonatan alinibembeleza nikalifuate langu kwetu, nikarudi nalo nimelipakata njia nzima, na jana alinipigia siku nzima kuuliza nimefika wapi. Asubuhi nilimpa abariki, ndipo akawa ananirudishia. Sasa mwenye mali atamwekea sharti gani? Nikampa tena kwa ajili yenu wote."

"Alitangaza kabla hujafika," nikadakia mimi. "Uliyakosa kwa kununa."

Dina akageuka rangi. Lakini hakuwa mjinga. Akamtazama Rebekka usoni, wanawake wawili, karibu pua kwa pua, akamuuliza taratibu, nami nilikuwa jirani: "Na 'mpendwa msimamizi'?"

Rebekka akajifuta mvua usoni.

"Hapo hukukosea," akasema. "Nilimtaka. Nilimwambia kwenye simu hiyohiyo ya jana. Unajua alinijibu nini? Kwamba limau lake limekasirika, na je, nina ushauri wowote."

Mtu mmoja akacheka, akakanyagwa mguu. Dina alitaka ardhi immeze. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha, na bado wivu ulikuwepo, haukwenda popote. Akamwekea Jonatan tunda mkononi.

"Nimekurudishia," akasema. "Stavanger sijawajibu."

Jonatan aliinamisha kichwa, akampa mzee Abel tunda kwa sharti lilelile, na mzee akabariki huku sauti inakatika. Tukaingia kibandani. Supu ilikuwa maji baridi, na hakuna aliyelalamika.

Sikukuu nzima wale wawili walipishana kama wageni. Wanasalimiana, basi. Dina alikuja jikoni akalia juu ya karoti zangu. "Nimemwaibisha mbele ya watu wote, mama Gitta. Atanitakia nini tena?" Nikamwambia amenye karoti, sikuwa na la zaidi.

Sikukuu ilipokwisha tulimsindikiza Rebekka stesheni. Watu tele, mabegi, miavuli. Dina naye alikuja, koti la kijani, amesimama mbali na kila mtu. Rebekka alipokanyaga ngazi ya treni akatoa kijiboksi, akampa Jonatan.

"Chukua. Safari hii halina sharti. Mpe unayempenda." Akaingia haraka, akakaa dirishani, uso ameugeuza kidogo.

Jonatan akapasua umati mpaka kwa Dina. Akafungua kijiboksi. Harufu ileile.

"Nakupa," akasema. "Hili, na pete utaichagua mwenyewe, na mimi mwenyewe niliyeliendesha jambo letu vibaya. Nioe... yaani, nikuoe. Unanielewa."

"Na sharti?" Dina akanong'ona.

"Lipo moja. Usinirudishie."

Dina alifungua mdomo ajibu. Halafu akaufunga. Akageuka kwanza, akalitazama lile dirisha la treni mpaka akahakikisha kwamba Rebekka anaangalia. Ndipo akalichukua tunda, akalikumbatia kifuani kama siku ile uani, na akasema ndiyo kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya behewa.