Kipande cha Mpira Chini ya Kiti

Na ijulikane kwa walimwengu wote kwamba siku hiyo msafara mkubwa uliingia jangwani ukiwa na nahodha jasiri, shehena nyeti na bingwa wa fizikia. Msafara wenyewe ulikuwa pikapu moja kuukuu ya dizeli. Shehena ilikuwa godoro na sanduku la shule, vikirudi nyumbani kwa likizo. Nahodha ni mjomba, na bingwa ni mpwa wake wa kidato cha tatu, aliyebandikwa jina la Profesa baada ya kufeli hiyo fizikia.

Jua likiwa utosini, injini ilikohoa mara mbili ikazima. Mjomba akajitupa chini ya gari. Mpira wa mafuta ulikuwa umechanika, dizeli inadondoka, mchanga unainywa kwa pupa.

“Usiwe na wasi,” alisema. “Nina kipande cha akiba chini ya kiti.”

Profesa akatazama pembeni. Kipande hicho alikichukua kimyakimya likizo iliyopita, akakigeuza bomba la kupulizia karatasi zilizotafunwa. Bweni zima lilikiogopa.

Mjomba alipekua hadi chini ya mazulia. “Nimekisahau! Kichwa changu kimekwisha, mpwa wangu.”

“Pole, mjomba,” alisema Profesa. Basi, hayo tu.

Mjomba akakata utepe wa tyubu kuukuu, akauvuta, akauzungushia pale penye ufa, akafunga kwa waya. Dizeli ikamrukia machoni. Maji yao yalikuwa robo dumu. Nusu yakaenda kumnawisha.

“Sasa toa hewa kwenye mafuta. Bonyeza pampu mpaka mapovu yaishe!”

Profesa alibonyeza pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Injini ikawaka, ikazima. Mjomba akakaza waya upya, Profesa akabonyeza tena, midomo imekauka kama gome. Mara ya tatu ikanguruma.

Walijikokota, wakisimama kila mara kukaza waya. Dumu likabakiza funda moja.

“Kunywa wewe,” alisema mjomba. “Kosa ni langu.”

Profesa akanywa yote.

Jioni wakaifikia gereji ya kando ya barabara kuu. Mjomba, macho mekundu, aliketi juu ya tairi.

“Nikifika nampa mama yako funguo za gari,” alisema polepole. “Mtu wa kusahau kama mimi hafai kubeba mtoto.”

“Mzee, mpira mnene au mwembamba?” aliuliza fundi.

“Mwembamba,” Profesa akadakia, “wenye mstari wa njano, kama kile cha akiba.”

Mjomba akageuka taratibu. “Kile sijawahi kukuonyesha.”

Profesa alitafuta uongo wa kumtoa hapo. Kila siku huwa nao tele. Leo hakupata hata mmoja.

“Hukusahau, mjomba. Nilikichukua mimi, nikakigeuza bomba la mchezo. Nilijua tangu gari lilipozima. Na yale maji... niliyanywa nikijua kosa ni langu.”