Kadi Iliyosema Hajali

Kila mchana, wagonjwa wakipungua, karani wa mapokezi hospitalini alipanga kadi zake tano mezani kama mcheza karata. Upande mmoja neno gumu la Kiingereza, upande wa pili maana yake na sentensi ya mfano. Mtihani wa kuingia chuo cha ukunga ulikuwa umebaki wiki sita, na Kiingereza kilikuwa kimeshamwangusha mara mbili.

Siku hiyo hakufika neno la tatu. Pangaboi lililolala miezi minne juu ya kichwa chake liliamka kwa kishindo. Kadi zikapaa, zikatua mapajani mwa wagonjwa na ndani ya kikapu cha mama mmoja.

"Samahani, dada!" Sauti ilitoka juu ya ngazi. "Nilidhani litagoma!"

Akashuka kijana mrefu, ovaroli ya buluu, vumbi hadi kwenye kope, bisibisi nyuma ya sikio. Akaokota kadi moja.

"Taciturn. Mtu wa maneno machache. Mfano: shangazi yangu." Akainua macho. "Kumbe shangazi yako mkimya hivyo?"

Karani alivuta mtandio wake wa njano hadi kidevuni. "Naomba kadi yangu, kaka."

"Kwa sharti. Nakuuliza neno moja. Ukikosa, unanipa namba ya simu."

"Nikipata?"

"Nakupa yangu."

Alicheka kabla hajajizuia.

Tangu hapo simu ililia kila jioni.

"Bi Kamusi, tuanze?"

"Umekula kwanza?"

"Nangoja ukosee, nile nikicheka."

Wiki ya tatu Bi Kamusi akawa mpenzi, bila mtu kutangaza. Ila siku fundi aliposema, "Nakupenda," karani aliona aibu, akajibu, "Asante." Kisha akakata simu na kujifunika uso kwa mto.

Kesho yake fundi alipita hospitalini. Karani alikuwa amepeleka faili kwa daktari, na kadi zilikuwa wazi mezani. Aliporudi, mlinzi alimwambia, "Fundi wako kasoma vikaratasi vyako, akaondoka kama aliyemwagiwa maji."

Kadi ya juu ilikuwa na neno "indifferent". Maana: asiyejali. Mfano: simjali hata kidogo fundi wa mapangaboi.

Siku nne simu haikulia. Akipiga yeye, haipokelewi.

"Umeyataka mwenyewe," shangazi yake alisema. Alikuwa mwalimu mstaafu, na ndiye aliyemfundisha kwamba sentensi ya kweli husahaulika upesi, lakini uongo unaokuchekesha huganda kichwani pamoja na neno lake. Mifano yote kwenye kadi ilikuwa ya uongo, na fundi hakuwahi kuambiwa.

"Hapokei, shangazi."

"Miguu ulipewa ya nini? Nenda! Tena vaa lile gauni la kijani, siyo hilo kama pazia la zahanati, na usiiname unapoongea, mimi nilipokuwa na umri wako..." Karani alifika barabarani, shangazi bado anaendelea.

Alimkuta posta, alikoelekezwa na mlinzi wa hospitali, juu ya ngazi, katikati ya ukumbi uliojaa foleni.

"Shuka nikwambie kitu."

"Niko kazini, dada. Sema tu."

Lile "dada" lilimchoma. "Kadi zangu ni za uongo. Zote. Ndivyo ninavyokariri."

Bisibisi ikasimama. "Hata ya shangazi?"

"Shangazi? Akianza kuongea, redio inajizima yenyewe."

Foleni nzima ikacheka. Fundi hakucheka. "Mimi nilikwambia la moyoni, ukanishukuru kama niliyekubebea mzigo. Sasa kama hiyo kadi ni uongo, ukweli ni upi?"

Karani wa stempu aliacha kugonga muhuri. Bibi mmoja mwenye bahasha akamsogelea yule binti. "Mwambie, mjukuu wangu. Mwenzio shingo itamuuma huko juu."

Masikio yake yaliwaka moto. Alitamani sakafu imfunike. Lakini aliinua uso, akamtazama fundi wake, akapaza sauti iliyofika dirisha la mwisho.

"Nakupenda! Nilikupenda hata siku ile nilipokukatia simu. Nakupenda, na nataka unipigie leo, unipigie kesho, unipigie hata nikiwa mkunga mzee asiye na meno!"